Shahada ya usalama wa mtandao: hesabu ya mzazi wa Kilosa na Mikumi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, maswali huanza sebuleni. Mtoto amesoma PCM au EGM, pointi zake si haba, na anasema hataki ualimu wala uhasibu: anataka kusoma usalama wa mtandao. Mzazi anauliza kwanza kama hiyo nayo ni kazi. Akisharidhika, anauliza swali linalomkosesha usingizi: itakula shilingi ngapi, na kwa nini asisome hapo karibu?

Swali la kwanza halihitaji hotuba, maana jibu liko kwenye simu ya mzazi mwenyewe. Nani Kimamba au Ruaha hajawahi kupata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Katika takwimu ambazo TCRA imekuwa ikizitoa miaka ya karibuni kuhusu majaribio ya ulaghai kwa simu, mikoa miwili imekuwa ikitajwa juu ya orodha: Rukwa na huu wetu wa Morogoro. Ndiyo maana tunaambiwa kila siku tutume namba za matapeli kwenda 15040 na tubonyeze *106# kuona laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chetu. Upande wa sheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikafuata mwaka 2022, na tume ya kuisimamia ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Hospitali, benki, shule au SACCOS inayotunza majina, namba za simu na taarifa za afya za watu sasa inabanwa na sheria kuzilinda. Anayelinda hulipwa. Kazi ipo, ingawa haiko kila kona ya mtaa kama wengine wanavyoahidi.

Swali la pili ndilo lenye pesa ndani yake, na hapo wazazi wengi huanza vibaya kwa kulinganisha ada na ada. Kwa vyuo vya umma, ada za kozi za kompyuta hazipishani sana. Nyingi hucheza kati ya milioni moja na ushee na milioni moja na nusu kwa mwaka, pengine kuzidi kidogo. Ukikaa kubishana kwamba chuo hiki ni laki moja nafuu kuliko kile, umeangalia kidole ukaacha mkono. Pesa inakokwenda ni kwenye miaka, chakula, chumba, kompyuta na bando.

Tuanze na ramani. Wilaya ya Kilosa ina chuo cha afya pale mjini, ina chuo cha kilimo Ilonga, na Mikumi ina VETA. Chuo kikuu hakuna. Kwa hiyo mtoto atasafiri tu, na tofauti ni anapanda gari la upande gani.

Jina linalotajwa kwanza ni Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Ndaki yake ya kompyuta, wanayoiita CIVE, ina shahada ya uhandisi wa usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Ni ya miaka minne. Kwa mtu wa Kilosa mjini, Dodoma imesogea sana tangu treni ya SGR ianze kwenda huko katikati ya mwaka 2024. Nauli elekezi zilizotangazwa na LATRA kwa treni ya kawaida zilikuwa 18,000 kutoka Dar hadi Kilosa na 31,000 kutoka Dar hadi Dodoma, yaani kipande cha Kilosa hadi Dodoma ni kama 13,000. Cha kuangalia ni kimoja: si kila treni inasimama Kilosa, kwa hiyo soma tiketi kabla hujalipa. Wa Mikumi hana raha hiyo. Ama apande basi la kwenda Morogoro akaunganishe treni huko, ama apite barabara ya Ulaya hadi Kilosa. (Naam, sisi Ulaya yetu ipo, kati ya Mikumi na Kilosa, na haihitaji viza.)

Cha pili ni Chuo cha Uhasibu Arusha, IAA, chenye shahada ya usalama wa mtandao ya miaka mitatu. Jina la uhasibu lisikutishe, kimekuwa kikifundisha kompyuta kwa miaka mingi. Kina matawi nje ya Arusha, kwa hiyo kabla ya kufunga mizigo uliza kozi yako inafundishwa tawi lipi, maana gharama ya kuishi Arusha mjini na ile ya mji mdogo ni vitu viwili.

Cha tatu hutajwa mara chache, nacho ndicho kilicho karibu kuliko vyote. Chuo Kikuu cha Mzumbe, kampasi kuu, kiko wilaya ya jirani ya Mvomero. Mtu wa Mikumi anapanda basi lolote la barabara ya Iringa kuelekea Morogoro na kushuka kabla hajafika mjini. Mwishoni mwa 2023 LATRA iliweka nauli ya basi la daraja la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita, na safari nzima ya Mikumi hadi Morogoro mjini ni kilomita kama 120. Piga mwenyewe uone haifiki 6,000. Makondakta wa barabara ile wana hesabu zao, lakini hata wakiongeza, mtoto anaweza kurudi nyumbani Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili na debe la mchele. Mzumbe hawana shahada yenye jina la usalama wa mtandao. Wanazo za TEHAMA: moja imechanganywa na uongozi, nyingine na biashara, na ipo ya teknolojia ya habari na mifumo.

Upande wa pili wa barabara, ukishapanda Kitonga, kuna Iringa, ambako Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha kinafundisha sayansi ya kompyuta. Hicho ni cha binafsi, na vyuo binafsi kwa kozi kama hizi hupandisha ada hadi milioni mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, kutegemea chuo. Halafu kuna Chuo Kikuu Huria, chenye kituo Morogoro, kinachomfaa zaidi mtu ambaye tayari ana kazi, kwa mfano mhudumu wa mapokezi katika hoteli za watalii za Mikumi anayetaka shahada ya TEHAMA bila kuacha mshahara. Kwa kijana aliyetoka kidato cha sita jana, Chuo Huria huhitaji nidhamu ambayo wengi hawajaipata bado. Nasema wengi, si wote.

Sasa tofauti ya miaka mitatu na minne, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo isiyozungumzwa.

Tuchukue makadirio ya mtoto aliyepata mkopo kamili wa Bodi ya Mikopo. Ada tuiweke 1,500,000 kwa mwaka. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za masomo ni 2,400,000. Vitabu na viandikwa weka 200,000. Mwaka mmoja unakuwa milioni 4.1. Miaka mitatu ni milioni 12.3, na minne ni milioni 16.4. Bodi hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mtu akianza kazi. Akiajiriwa kwa mshahara wa milioni moja, anakatwa 150,000 kila mwezi. Deni la miaka mitatu litamchukua miezi 82, yaani miaka sita na miezi kumi. La miaka minne ni miaka tisa na mwezi mmoja hivi. Na huyo wa miaka mitatu atakuwa ameanza kupokea mshahara mwaka mzima kabla ya mwenzake.

Habari njema kidogo: ile asilimia sita ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka na kuwafanya watu walipe bila deni kuonekana linapungua, ilifutwa mwaka 2021. Siku hizi mkopo wa Bodi ni fedha ya bei nafuu kuliko yoyote ambayo familia ya Kilosa inaweza kukopa. Anayepata asiukatae kwa kiburi. Kuna baba mmoja niliyemsikia akisema mwanawe hatasoma kwa deni, halafu akaenda kukopa kwa mtu binafsi kwa riba ya mwezi. Huko si kukwepa deni.

Je, mwaka wa nne unanunua nini? Unanunua uhandisi. Mtoto atakaa zaidi na Hisabati, umeme, programu, mifumo ya kompyuta kwa undani, na mafunzo kwa vitendo mengi zaidi. Kwa yule anayetaka kuchunguza simu iliyokamatwa na polisi, kuchambua programu hasidi au kuendelea na shahada ya uzamili, mwaka huo una maana. Kwa yule anayetaka kusimamia mtandao wa benki au wa halmashauri, akafunga milango isiyotakiwa, akasoma kumbukumbu za mfumo na kujua nani aliingia saa nane usiku, miaka mitatu iliyofundishwa vizuri inatosha. Mimi ningelipa mwaka wa nne kama mkopo umepatikana na mtoto anaipenda Hisabati. Bila mkopo nisingelipa.

Hapa jina la kozi linaanza kudanganya. Soma matangazo ya kazi ya serikali kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira: mara nyingi afisa TEHAMA daraja la pili, hata wa upande wa usalama, hutakiwa awe na shahada ya sayansi ya kompyuta, TEHAMA, uhandisi wa kompyuta au sifa zinazolingana. Mwenye shahada ya usalama wa mtandao anaingia, na mwenye shahada ya TEHAMA ya Mzumbe naye anaingia. Wote wawili watakaa kwenye usaili mmoja na kuulizwa maswali yaleyale: anwani ya IP inagawanywaje, tofauti ya ruta na swichi, kizuizi cha mtandao kinachuja mawasiliano kwa kuangalia nini, ukikuta seva imefungwa na wadai fidia utafanya nini kwanza. Aliyefanya vitendo atajibu. Aliyekariri maelezo ya mhadhiri atatoka jasho, hata cheti chake kikiwa na maneno "usalama wa mtandao" kwa herufi kubwa.

Kuna jambo jingine linaloelekea kusahauliwa. Shahada finyu inakubana soko likiyumba. Mwenye TEHAMA pana anaweza kufunga mfumo wa mauzo dukani, kutengeneza tovuti ya hoteli, kufundisha kompyuta sekondari, huku akingoja nafasi ya usalama. Katika mji kama Mikumi, wenye hoteli wanaopokea wageni wa hifadhi kwa kadi na kwa maombi ya mtandaoni, huyo wa pili ana kazi ya kesho asubuhi. Wa kwanza atalazimika kuwashawishi kwanza kwamba wako hatarini.

Kwa hiyo ukiniuliza kati ya UDOM yenye mkopo na Mzumbe yenye mkopo, nitasema UDOM. Kati ya UDOM bila mkopo na Mzumbe bila mkopo, Mzumbe, bila kusita, na ile tofauti iende kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe inataka maelezo, maana wazazi wengi huiweka mwisho kwenye orodha, baada ya godoro na ndoo. Mwanafunzi wa usalama wa mtandao haitumii kompyuta mpakato kuandikia kazi za darasani tu. Maabara yake iko ndani yake. Anafungua programu ya bure kama VirtualBox, na ndani yake anawasha kompyuta nyingine mbili za kufikirika. Moja ni ya mshambuliaji, kwa kawaida Kali Linux, nyingine ni ya mwathirika, kwa mfano Metasploitable, iliyotengenezwa makusudi ikiwa na matundu. Sasa angalia kumbukumbu, yaani RAM. Windows yenyewe inakula kama GB tatu au nne. Kali apewe mbili. Mwathirika anatosheka na GB moja au nusu yake. Kivinjari kikiwa wazi na somo la video, GB nane zimekwisha, na kompyuta inaanza kuvuta pumzi kama lori la mizigo kwenye Kitonga. Ya GB nne haifai kabisa, hata ikiwa mpya na inang'aa.

Ndiyo maana nashauri kompyuta iliyotumika, ya kiofisi, badala ya mpya ya bei ileile. Lenovo ThinkPad, Dell Latitude au HP EliteBook yenye i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8 na SSD ya GB 256 hupatikana Kariakoo kwa laki tano hadi saba, kutegemea hali yake na ulimi wako. Hizi zinafunguka: mwaka unaofuata unaongeza RAM hadi 16 kwa pesa ndogo. Nyingi za zile mpya za bei rahisi RAM imegandishwa kwenye ubao na haiongezeki. Kabla ya kulipa, washa, ingia kwenye BIOS uhakikishe kipengele cha kuendesha kompyuta pepe kipo na kinawaka, chomoa chaja uone betri inashuka kwa kasi gani, jaribu kila tundu la USB. Muuzaji akikwambia hakuna haja ya kuangalia huko, nenda duka la pili.

Bando nalo lina hesabu. GB moja kwa vifurushi vya kawaida haishuki sana chini ya 2,000. Faili la kusimika Kali peke yake ni kama GB nne, halafu yanakuja masasisho. Mtoto akiyashusha kwa laini yake akiwa likizo nyumbani, 8,000 imekwenda kabla hajajifunza kitu. Akiyashusha kwa mtandao wa chuo na kuyabeba kwenye flashi, ni bure. Hili ni moja ya mambo ya kuuliza ukitembelea chuo, na ulize wanafunzi, usiulize ofisi ya udahili: mtandao wa hosteli unafanya kazi saa ngapi? Maabara inafungwa saa ngapi? Mna ruta na swichi za kushika kwa mkono, au mnachora ubaoni? Chuo chenye maabara inayofunguliwa hadi usiku kinamwokolea mzazi pesa ambazo hazionekani kwenye karatasi ya ada.

Chumba kinafuata kanuni hiyohiyo. Hosteli ya chuo cha umma ni rahisi mno ukilinganisha na geto la nje, tena geto lina mambo yake: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kuna luku, kuna maji, kuna jiko. Ile 10,000 ya siku inaisha mapema. Mwaka wa kwanza pigania hosteli.

Vipi kuhusu vyeti vya kimataifa? Vijana watakuja na majina: CCNA, Security+, CEH. Wanaoviuza wana maneno matamu, hasa kwenye mitandao ya kijamii, kwamba shahada ni kupoteza muda. Tuvipige kwa shilingi, dola moja tuichukulie 2,500. Mtihani wa CCNA ni dola 300, sawa na 750,000. Security+ ni zaidi ya dola 400, yaani unazidi milioni. CEH huelekea dola elfu moja na kuendelea. Mtihani mmoja, wa saa chache, kwa bei inayozidi ada ya mwaka mzima ya chuo cha umma. Ukifeli unalipa tena. Na nafasi ya afisa TEHAMA serikalini haipatikani bila shahada.

Siyo kwamba havina kazi. Kampuni za simu, benki na wafunga mitandao wanavijua na kuvitaka. Ila vina wakati wake. Ningechukua CCNA, nikaisomea mwaka wa pili na kuifanya mwaka wa mwisho, kwa sababu mitandao ndiyo msingi wa hayo mengine yote, kisha nikaiachia ajira ilipie CEH kama mwajiri anaihitaji. Kabla ya hapo kuna vya bure vya kutosha. Cisco Networking Academy ina kozi za utangulizi za usalama na mitandao, pamoja na Packet Tracer ya kujenga mtandao wa kuigiza. Shirika la ISC2 lilianza mwaka 2022 kutoa mafunzo na mtihani wa cheti cha mwanzo bila malipo kwa watu milioni moja duniani, ingawa aliyefaulu hulipa ada ya mwaka ya dola 50 ili kibaki hai; angalia kama nafasi bado zipo. picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ni mashindano ya kudukua kwa kujifunza, bure. Wireshark, inayomwonyesha mwanafunzi kila kipande cha taarifa kinachopita kwenye mtandao, haina bei.

Na hapa mzazi aongee na mtoto mapema. Kufanya mazoezi kwenye mtambo wa mwenyewe ni masomo. Kujaribu nywila ya mtandao wa gesti ya jirani pale Mikumi, hata kwa utani, ni kosa. Sheria ya 2015 inasema anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyopungua milioni tatu, au mara tatu ya alichofaidika, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Hiyo ni gharama ambayo haiko kwenye kijitabu chochote cha udahili, na mwenye rekodi hiyo hakuna benki itakayompa funguo.

Kwa aliyemaliza kidato cha nne, mlango haujafungwa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kidato cha tano na sita, ambako shule za serikali hazitozi ada tangu 2022, kisha chuo kikuu. Ya pili ni astashahada na diploma kwenye chuo kilichosajiliwa na NACTVET, miaka mitatu, halafu shahada. Ya pili inachukua muda mrefu na mzazi ndiye anayelipa ada miaka hiyo yote, kwani mikopo ya diploma ilianza 2023 ikilenga fani za kipaumbele tu, na kila mwaka inabidi kusoma mwongozo kuona kama ya kwako imo. Faida yake ni kwamba mtoto anashika vifaa mapema na anaweza kufanya kazi njiani. Kama Hisabati ya kidato cha nne ni C na kuendelea, apelekwe kidato cha tano, tena tahasusi yenye Hisabati. Kama ni D lakini mtoto hawezi kuona redio bila kuifungua, diploma inamfaa, au hata VETA kwanza: ada ya kozi ndefu ya VETA ni 60,000 kwa wa kutwa na 120,000 kwa bweni, kwa mwaka, na VETA Kipawa ya Dar ndiyo iliyojengwa kwa ajili ya TEHAMA.

Nje ya nchi nitapita haraka. Kenya wana shahada za usalama wa kompyuta katika vyuo kama Kabarak na Jaramogi Oginga Odinga, na India huita wengi. Kwa ngazi ya shahada ya kwanza, bila ufadhili, sioni familia ya kawaida ya wilaya hii inapata nini huko ambacho haikipati Dodoma, na mkopo wa Bodi haumfuati.

Mwenye ufaulu wa juu kabisa kwenye tahasusi za sayansi aangalie kitu kingine kabla ya mkopo: ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, unalipia wanaosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na haurudishwi. Ni wachache wanaoupata. Lakini kuna mwaka jina linatoka shule ya bonde la Mkondoa na mwenyewe hakuwahi kujaza fomu.

Basi mwezi wa Julai ukifika, pesa za mwanzo zisikukute mikono mitupu. Maombi ya chuo ni 10,000 kwa kila chuo. Omba vitatu, si saba. Maombi ya mkopo ni 30,000 kwa namba ya malipo, kabla dirisha halijafungwa. Cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa na RITA, na hicho ndicho huwakwamisha watu, kwa hiyo kianze kushughulikiwa hata kabla ya mitihani, hasa kama herufi za jina hazifanani na za cheti cha kidato cha nne. Fomu ya mkopo inataka saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha wa mwanasheria au hakimu. Wa Mikumi atenge siku nzima. Chuo kikishampokea kuna 50,400 ya bima ya afya kama hana kadi, 20,000 ya TCU, na michango midogo ya chuo ambayo mkopo haugusi. Ukijumlisha na nauli, godoro na kompyuta, mzazi mwenye milioni moja na laki mbili mkononi mwezi Oktoba anaweza kumfungulia mtoto mwaka wa kwanza akiwa na mkopo. Asiye na mkopo atahitaji hiyo pamoja na nusu ya ada, na aende kuiuliza ofisi ya fedha ya chuo, kabla ya kufika, kama inapokea kwa mafungu manne badala ya mawili.